Si Chanel, ni Poiret

Je, Coco Chanel ndiye mbunifu wa kwanza wa mavazi Ufaransa kuuza manukato? Hapana. Paul Poiret, mbunifu mwenzake wa mavazi, alimtangulia kwa miaka 10: yeye alifungua kampuni ya manukato, Les Parfums de Rosine, mwaka 1911, na manukato ya Chanel, Chanel No. 5, yakaingia sokoni 1921.

Watu wengi humsahau Poiret kwa sababu jina lake halikuwa kwenye chupa. Rosine ni jina la binti yake. Na kazi yenyewe ilikuwa ya mkono hasa: baadhi ya chupa zilipakwa rangi na wasichana wa Martine, shule ya sanaa aliyoianzisha mwaka huohuo na kuipa jina la binti yake mwingine. Mimi napenda chupa za manukato kuliko hata harufu zake, na hizo bado hazijapata mpinzani machoni pangu. Poiret pia ni miongoni mwa waliowaondolea wanawake wa Paris lile vazi la kubana kiuno, kwa hiyo anastahili kukumbukwa zaidi ya hapa.

Ila Chanel asinyimwe haki yake. Yeye aliweka jina lake mwenyewe kwenye chupa, na mtengeneza manukato Ernest Beaux akamtengenezea harufu yenye aldehidi (kemikali za kutia harufu) nyingi kuliko ilivyozoeleka wakati ule. Nyumba ya mitindo ya Poiret ilifungwa 1929. Ukikuta duka la Les Parfums de Rosine leo, hilo ni jina lililofufuliwa 1991 na Marie-Hélène Rogeon, na manukato yake karibu yote ni ya waridi.