Kichwa cha mzazi kisichosikia Panadol

SWALI: Habari sista. Mke wangu amejifungua siku 6 zimepita, hapa Busia, mtoto mzima na presha ilikuwa sawa mimba yote. Tangu jana kichwa kinamgonga, anasema anaona vinyota, leo asubuhi kamimina chai ikaenda pembeni ya kikombe. Mama anasema ni usingizi tu, nimempa Panadol mara mbili wapi. Tungoje? – Baba mpya

JIBU: Msingoje hata kidogo, ndo maana nilikupigia simu siku ileile, hapa naandikia wengine. Mama yako simlaumu, kweli mzazi hapati usingizi, ila uchovu haumwagi chai. Watu wanadhani presha ya mimba inatoka na kondo, kumbe kuna ambao inapanda wakishazaa, hata aliyekuwa hana kabisa, sana sana wiki ya kwanza na inaweza kuchelewa mpaka ya 6. Kichwa hakisikii dawa, macho yana ukungu, tumbo linauma juu chini ya mbavu, hicho ni kifafa cha mimba kinapiga hodi. Kupima ni dakika moja tu. Ikiwa 140/90 kwenda juu aonwe na daktari, ikifika 160/110 ni mbio, anapewa dawa ya kushusha na sindano ya magnesiamu ya kuzuia kifafa. Ukikosa gari na ni boda, akae katikati, mtu nyuma amshike.

Na mkifika semeni mapema "amejifungua juzi", maana akikaa kimya kwenye foleni wanamuona wa malaria tu.

Wengine mnaosoma, pedi ikilowa chapachapa ndani ya saa moja, hata kama ni wiki ya pili, nenda. Homa na uchafu unaonuka, nenda. Mguu mmoja tu umevimba na unauma, au kifua kinabana, nenda, usikandwe kwanza.

Kuzuia je? Usitoke hospitali kabla ya saa 24, najua boda anasubiri nje na nyumbani kuna watoto, lakini ndo masaa damu inamwagika sana, na kabla ya kutoka omba wakupime presha. Rudi siku ya 3, wiki ya pili, wiki ya 6. Hiyo ya 6 wengi wanaenda, ila mtoto anachanjwa mama kashika mkoba tu, hakuna anayemuuliza kitu. Siku hiyo kaa kwenye kiti, nyoosha mkono, sema na mimi nipimwe.