Pakiti Zikipotea Njiani: Ushauri kwa Waandishi wa Programu za TCP

Mwandishi wa programu inayotumia TCP, itifaki ya mtandao inayofikisha data kamili na kwa mpangilio, hana kazi ya kutuma upya pakiti (kifurushi kidogo cha data) iliyopotea. Kazi hiyo ni ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, nayo huifanya vizuri kuliko msimbo wowote ambao wewe au mimi tungeuandika: kila baiti ina namba yake ya mfuatano, uthibitisho wa kupokelewa ukichelewa data hutumwa upya, na uthibitisho wa namna ile ile ukijirudia mara 3 kerneli hutuma upya papo hapo bila kungoja muda wake uishe. Kazi yetu huanza pale kerneli inapokata tamaa, au pale ambapo yenyewe bado inajaribu lakini mteja aliyesimama mbele ya mashine amekwisha kuchoka kusubiri. Hapo ndipo nimeona programu nyingi zikiharibika, na mara nyingi kinachopotea ni fedha za watu.

Jambo la kwanza la kushika ni maana ya `send`, amri ya kutuma data, kurudi bila kosa. Maana yake ni kwamba baiti zako zimenakiliwa kwenye bafa (hifadhi ya muda) ya kerneli ya mashine yako mwenyewe, basi. Huenda hata hazijatoka, seuze kufika. Niliwahi kuitwa kuchunguza mfumo wa mashine za kukatia tiketi ndani ya mabasi, ambamo baadhi ya abiria walionekana wamelipa nauli ya safari moja zaidi ya mara moja. Kwenye kumbukumbu za programu, kila ombi liliandikwa kuwa limetumwa. Nilipoendesha amri ya `ss -to`, inayoonyesha hali ya miunganisho, kwenye mashine ambayo mtandao wake ulikuwa umekatika, safu ya Send-Q (data ambayo bado haijathibitishwa) ilionyesha baiti zikiwa bado zimekaa pale pale, na pembeni yake `timer:(on,25sec,7)`, yaani kerneli imekwisha kutuma upya mara 7 na itajaribu tena baada ya sekunde 25. Programu nayo ilikuwa imepangwa kwamba jibu lisipokuja ndani ya sekunde chache, iandike ombi lile lile kwenye soketi ile ile, yaani muunganisho ule ule. Mtandao uliporudi, TCP ilitimiza ahadi yake barabara: ikafikisha nakala zote kwa mpangilio, bila kuacha hata moja, na seva ikakata nauli kwa kila nakala.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba ombi lisiandikwe upya kwenye muunganisho ambao haujafungwa. Ama uendelee kusubiri, ama uufunge na kufungua mwingine. Njia ya katikati haipo.

Swali linalofuata ni kusubiri kwa muda gani, kwa sababu kerneli ina subira kubwa mno kwa shughuli zetu. Kwenye Linux, kigezo cha `tcp_retries2`, kinachoweka kikomo cha kutuma upya, kina thamani ya kawaida ya 15, na kwa kuwa muda wa kusubiri huongezeka maradufu kila mara hadi ukomo wa sekunde 120, programu inaweza kukaa sekunde 924 au zaidi, yaani robo saa na ushee, kabla ya kupewa kosa la `ETIMEDOUT` (muda umekwisha). Wengi hukimbilia `SO_KEEPALIVE`, inayochunguza kama upande wa pili bado upo, wakidhani ndiyo dawa. Thamani yake ya kawaida ni sekunde 7200 za ukimya kabla ya kutuma uchunguzi wa kwanza, na hata ukiipunguza, haifanyi kazi wakati kuna data ambayo haijathibitishwa, kwa kuwa muda huo muunganisho hauhesabiwi kuwa umetulia. `SO_SNDTIMEO` nayo huweka kikomo cha kusubiri nafasi ndani ya bafa tu. Kinachofaa ni `TCP_USER_TIMEOUT`, ambayo huiambia kerneli, kwa milisekunde, data ikae muda gani bila kuthibitishwa kabla ya muunganisho kukatwa. Kwa mashine zile tulichagua 20000, yaani sekunde 20. Pamoja na hiyo, weka muda wa mwisho wa kungoja jibu lenyewe, kwa sababu seva inaweza kupokea ombi kisha ikakwama bila kujibu.

Makosa ya `send` yasichanganywe. `EINTR` (amri imekatizwa) na `EAGAIN` (soketi haiko tayari) si kushindwa: la kwanza unarudia, la pili unangoja kwa `poll` hadi soketi iwe tayari. Idadi ndogo kuliko uliyoomba nayo si kosa. Endelea kutoka baiti iliyofuata. Lakini `EPIPE`, `ECONNRESET` na `ETIMEDOUT` maana yake muunganisho umekwisha, na usisahau kuipa `send` alama ya `MSG_NOSIGNAL`, la sivyo ishara ya `SIGPIPE` itaiua programu nzima kabla hujaliona kosa lenyewe. Anayetumia Python amepunguziwa mzigo huu, ila nyaraka za lugha hiyo zinaeleza wazi kwamba `sendall`, inayotuma hadi data yote iishe, ikishindwa hakuna njia ya kujua ni kiasi gani cha data kilichokwisha kutumwa.

Hapo ndipo penye uzito wa suala zima. Muunganisho ukikatika katikati ya ombi, huwezi kujua kama seva ilitekeleza ama haikutekeleza, na hakuna kigezo cha soketi kitakachokuambia. Hata uthibitisho wa TCP husema tu kwamba kerneli ya upande wa pili imepokea baiti. Hausemi kwamba programu ya kule imezisoma, wala kwamba hifadhidata imeandika muamala. Wanasayansi wa kompyuta Jerome Saltzer, David Reed na David Clark walilijengea hoja jambo hili mwaka 1984: uhakika wa namna hii hukamilishwa na programu zenyewe za pande mbili, si na mtandao ulio katikati. Kwa hiyo kila ombi lipewe kitambulisho cha pekee kinachotungwa na mashine inayotuma, na kiandikwe kwenye diski kabla ya kutumwa mara ya kwanza, maana mashine inaweza kuzimika betri. Upande wa seva, safu ya kitambulisho hicho iwekewe sharti la kutojirudia ndani ya hifadhidata, katika muamala ule ule unaokata fedha, na ombi likirudi mara ya pili seva itoe jibu lile lile la awali. Ukifanya hivyo, kutuma upya kwenye muunganisho mpya hakuna madhara.

Kuunganisha upya nako kuwe na adabu. Ongeza muda wa kungoja maradufu kila unaposhindwa na uchanganye na sekunde za kubahatisha, ili mnara ukirudi mashine zote zisiivamie seva kwa pamoja. Oktoba 1986, kwa sababu ya msongamano, kasi ya mtandao kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo kikuu cha Berkeley, huko Marekani, iliporomoka kutoka kilobiti 32 kwa sekunde hadi biti 40, na tiba ambazo mtafiti wa mitandao Van Jacobson alizieleza mwaka 1988 ndizo zilizoifunza TCP kujizuia. Programu zetu zinahitaji kujizuia huko huko.

Katika kujaribu, kuua seva kwa `kill -9` hakutoshi. Kerneli ya seva iliyo hai huufunga muunganisho yenyewe, na kosa humfikia mteja, yaani programu inayotuma maombi, mara moja; mtandao uliokatika hausemi chochote. Tumia `tc qdisc add dev eth0 root netem loss 100%`, amri inayotupa kila pakiti inayotoka, ili kupata ukimya huo. Kisha jaribu hali ngumu zaidi: acha ombi lifike, ila uyazuie majibu kwa `iptables`, kichujio cha pakiti cha Linux, upande wa mteja, subiri muunganisho ukatwe, ondoa kizuizi, mwache mteja atume upya, halafu ufungue hifadhidata na kuhesabu mistari ya muamala huo: uwe mmoja tu.