Muulize Anti: Bibi hataki mjukuu aende shule ya misheni

SWALI: Anti shikamoo. Mimi msomaji wako wa hapa Ujiji. Kaka yangu alifariki akaacha mtoto wa kiume, yuko la tatu, mama yake naye alishatangulia, kwa hiyo anaishi na mama yangu mzazi ambaye anauza mawese sokoni na umri ushaenda. Sasa kuna shule ya misheni upande wa Kasulu inachukua yatima na watoto wa mazingira magumu, wamekuja mtaani na fomu, bweni bure, chakula bure, yunifomu bure mpaka madaftari. Mimi nimefurahi ila mama kagoma kabisa, anasema sisi Waislamu na mtoto kashaanza juzuu amma, akienda huko atarudi na jina jingine. Baba mdogo naye anasema wamisheni walianza hivyohivyo zamani, kukusanya yatima. Fomu zinarudishwa wiki ijayo, nifanyeje? – Shangazi wa mtoto, Ujiji

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na poleni sana na msiba.

Kwanza usimwone mama mkaidi. Baba mdogo hajatunga. Wale Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wanawaita Mapadri Weupe, walifika hapohapo Ujiji mwaka 1879, na miaka ya 1880 walikuwa wanawakomboa watoto watumwa kwa kuwanunua, wanawalea, wanawasomesha na wanawabatiza, na Kipalapala kule Tabora walikuwa na kituo cha yatima. Mmoja wa watoto waliokombolewa hivyo, Adrian Atiman, alichukuliwa utumwani Afrika Magharibi akiwa mdogo, wakamsomesha udaktari Malta, akaja Karema mwaka 1889 na akatibu watu wa pwani ya Ziwa Tanganyika mpaka alipofariki mwaka 1956. Kwa hiyo wema ulikuwepo, wa kweli kabisa, na dini ilikuja humohumo ndani ya wema. Mama anaijua hiyo, ndo maana anaogopa.

Ila wale watoto walikuwa wameng'olewa kwao, hawana wa kurudi kwake. Wa kwenu ana bibi, ana shangazi, ana baba mdogo anayemgombania. Kwa hiyo kabla ya kubishana dini mi nakuuliza, huyu mtoto anahitaji bweni au anahitaji chakula na sare? Maana ni vitu viwili tofauti na hizo fomu zimevichanganya. Shule ya msingi ya serikali haina ada, na sekondari mpaka kidato cha nne ada ilifutwa kuanzia Januari 2016. Kama kinachomshinda bibi ni unga, viatu na madaftari, nenda kawaambie hao wa misheni kwa adabu: tunashukuru, mnaweza kumsaidia akiwa hapahapa kwa bibi yake? Makanisa mengi yanafanya hivyo, mtoto anabaki nyumbani msaada unamfuata. Mwenyekiti wa mtaa pia aulizwe kama kaya ya bibi imeingia TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, maana mzee analea yatima na kipato chake ni chupa za mawese, kaya kama hiyo ndo inayolengwa. Mi naamini kabisa bweni linakuja mwisho, pale ambapo nyumbani hakuna mtu au hakuna usalama. Na misheni inayompenda mtoto haitakasirika ukiomba hivyo.

Wakikujibu hapana, ni bweni au basi, usikate tamaa, nendeni mkaione, wewe na baba mdogo, na mama akiweza panda naye gari. Msiishie ofisini. Angalia jikoni, angalia vyoo, angalia vitanda kama kila mtoto ana chake na chandarua chake. Halafu kaeni uwanjani muangalie matroni anapopita, watoto wanamkimbilia au wananyamaza ghafla na kujipanga. Hapo utajua mengi kuliko utakayoambiwa na mkuu wa shule. Ombeni kuona usajili wa Wizara ya Elimu, na kama watoto wanaishi pale mwaka mzima hayo yashakuwa makao ya watoto, Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka yawe na leseni ya ustawi wa jamii. Afisa ustawi wa halmashauri anatakiwa amjue huyu mtoto kabla hajachukuliwa, sio fomu inapita mlango kwa mlango tu.

Dini sasa. Ulizeni wazi bila aibu, na majibu yaandikwe kwenye karatasi na yasainiwe: akiwa Muislamu analazimishwa ibada ya asubuhi? Ijumaa anaruhusiwa kwenda msikitini? Ramadhani akitaka kufunga daku atapata? Kuna ubatizo bila mlezi kujua? Katiba ibara ya 19 inasema kueneza dini ni huru na ni hiari ya mtu, na hiari ya mtoto wa la tatu mwenye njaa sio hiari. Shule inayompa sahani kwa sharti la kubadili imani mi siwezi kukushauri umpeleke hata kama ina maghorofa. Ila zipo shule za misheni ambazo watoto wa Kiislamu wamesoma wakamaliza na Uislamu wao, na mtihani wa kidato cha nne una Elimu ya Dini ya Kiislamu kama ulivyo na somo la Biblia, kwa hiyo mtu asikwambie haiwezekani.

Na hili nalisisitiza kuliko yote: likizo arudi Ujiji, Juni na Desemba, na mkubaliane kabisa nauli ya Kasulu mpaka Kigoma inatoka kwa nani, maana hapo ndo watoto wengi wanapopotelea, sio kwenye nyimbo za kanisani, ni kwenye nauli. Likizo ya kwanza hela hakuna, ya pili hakuna, mtoto anakua hamjui baba mdogo wala hakumbuki Kiha. Pateni na namba ya simu ya matroni, bibi asikie sauti ya mjukuu wake kila wiki.

SWALI: Anti, sisi vijana wa kwaya tulipeleka zawadi kwenye kituo cha watoto tukapiga nao picha tukarusha Fesibuku na jina la kituo, matroni kaja juu. Kosa liko wapi? – Mwanakwaya, Ipuli, Tabora

JIBU: Matroni yuko sahihi mwanangu. Kumbuka kipindi cha mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, watoto walikimbiziwa Kabanga kule Kasulu wakafichwe wasidhurike. Kuna mtoto kituoni amemkimbia baba wa kambo, mwingine kesi yake iko mahakamani, wewe unaweka sura na jina la mahali anapolala. Na darasani wenzake wanaiona, anaitwa wa kusaidiwa. Futeni leo, na waliosheya waambieni wafute. Mkirudi tena pigeni picha ya magunia na ndoo za sabuni, inatosha kuwaonyesha waliochanga. Na mkiona mtoto ana dalili za kuumizwa, namba ni 116, ni bure.