Kukifanyia ugezi kihisi cha mtiririko wa joto kwa hita ya foili

Kihisi cha mtiririko wa joto, yaani kibamba kinachogeuza joto linalopita ndani yake kuwa ishara ndogo ya umeme, ni kifaa ambacho watu hukiamini kupita kiasi. Hakina sehemu inayozunguka, hakihitaji betri, na kikishabandikwa ukutani au kuzikwa udongoni huendelea kutoa mikrovolti zake usiku na mchana, hata kama kimeshaharibika ndani. Waya ukikatika utajua, kwa sababu usomaji hupotea. Lakini tabaka zake zikianza kuachana, au unyevu ukipenya kwenye maungio, kihisi hakinyamazi, bali hutoa namba nyingine inayofanana sana na ile ya kweli. Kwa sababu hiyo nawasihi wote wanaopima joto linalopita katika mapaa ya mabati, kuta za matofali ya saruji au udongo wa mashamba wajue namna ya kuvifanyia vihisi vyao ugezi, yaani kuvipa kiasi cha joto kinachojulikana na kuangalia vinasema nini. Nimeifanya kazi hii kwa miaka mingi katika maabara ya fizikia, na chombo ninachokipendekeza kuliko vyote ni hita ya foili.

Hita hiyo ni utepe mwembamba sana wa aloi uliopangwa kwa mikunjo na kufungiwa kati ya karatasi mbili za plastiki ya poliimidi, ile yenye rangi ya kaharabu inayovumilia joto kali. Sifa yake kubwa ni kwamba kila wati ya umeme inayoingia ndani yake hugeuka kuwa joto, wala hakuna inayopotelea kwenye mwanga au mwendo. James Prescott Joule alikwisha kuonyesha mwaka 1841 kwamba joto linalozaliwa katika waya hufuata ukinzani wake na mraba wa mkondo unaopita, na hapo ndipo tunapopata nafuu yetu: badala ya kulipima joto lenyewe, jambo ambalo ni gumu, tunapima volti na ampea, jambo ambalo maabara yoyote yenye multimita nzuri inaliweza.

Chukua hita yenye ukinzani wa omu 100 na eneo linalopata moto la milimita 50 kwa 50. Ukiipa volti 12 inatoa wati 1.44, na ukizigawanya kwa eneo la mita za mraba 0.0025 unapata wati 576 kwa mita ya mraba. Ikiwa kihisi chako kina unyeti wa mikrovolti 13 kwa kila wati kwa mita ya mraba, kinapaswa kutoa takriban milivolti 7.5. Hesabu inaishia hapo. Angalia tu kwamba eneo linalohesabiwa ni lile lililofunikwa na mikunjo ya foili na si ukubwa wa karatasi nzima, kwa sababu karibu kila hita huwa na ukingo mtupu pembeni, na milimita mbili za ukingo kila upande katika hita ndogo kama hii zinatosha kuupotosha mtiririko kwa karibu asilimia 15.

Ugumu wa kazi hii, basi, haupo katika kujua joto ni kiasi gani, bali katika kuhakikisha kwamba limepita mlemle ulimokusudia lipite. Hita haichagui upande. Itatoa joto mbele, nyuma na pembeni, na sehemu itakayokwenda kila upande itategemea tu wepesi wa njia. Kazi yetu ni kuifanya njia ya kupitia kwenye kihisi iwe nyepesi mno na nyingine zote ziwe nzito. Mpangilio ninaoutumia ni huu: chini kabisa kuna kipande kinene cha alumini, juu yake kihisi, juu ya kihisi hita, na juu ya hita stairofomu ya sentimita nne au zaidi, kisha uzito mdogo wa kuvikandamiza vyote kwa usawa.

Kipande cha alumini cha sentimita 10 kwa 10 chenye unene wa sentimita 2 kina uzito wa takriban gramu 540, na kwa wati 1.44 hupanda chini ya nyuzi 2 za Selsiasi katika dakika kumi, muda unaotosha kabisa kwa kihisi chembamba kutulia. Kwa kuwa hita hubaki nyuzi tatu au nne tu juu ya hewa ya chumba, joto linalotoroka kupitia stairofomu ya nyuma ni wati chache kwa mita ya mraba, chini ya asilimia moja ya zile 576. Sasa ondoa alumini uweke mpangilio uleule juu ya meza ya mbao. Mbao haipokei joto kwa wepesi, kwa hiyo hita inapanda na kupanda, na ikifika nyuzi 30 juu ya hewa ya chumba tayari unapoteza karibu asilimia 5 kwa nyuma. Utakilaumu kihisi kwa kusoma chini, ilhali tatizo ni meza.

Adui mwingine ni hewa. Pengo la hewa la milimita 0.1, ambalo jicho halilioni, lina ukinzani wa joto zaidi ya mara tatu ya ule wa kihisi chembamba cha foili. Likiwa chini ya kihisi kizima, linaisukuma hita ipande moto na kupoteza zaidi kwa nyuma. Likiwa chini ya kona moja tu ni baya zaidi, kwa sababu joto linakwepa kona hiyo na kujazana penginepo, na kihisi kinasoma wastani wa mtiririko usio sawa. Tumia utepe wa gundi wa pande mbili uliobandikwa bila mapovu, au grisi ya kupitisha joto, ile ambayo mafundi wa kompyuta huipaka juu ya prosesa, kwa tabaka jembamba. Mimi huanza katikati na kusukuma kwa kidole kuelekea kingo, kisha nakiinua kihisi mara moja kutazama alama iliyobaki: panapong'aa pakavu ndipo hewa ilipokuwa.

Kuhusu umeme, betri ya gari ya volti 12 ni bora kuliko chaja nyingi za bei nafuu, kwa kuwa haina mtikisiko na haijali umeme ukikatika katikati ya kipimo. Volti yake hushuka polepole, lakini hilo halina madhara ukiipima muda wote. Ipime kwenye ncha za hita na si kwenye betri. Waya wa kuunganishia wenye jumla ya nusu omu unakula sehemu ya volti njiani, na kwa hita ya omu 100 kosa hilo linafika takriban asilimia moja ya nguvu. Baadhi ya hita nzuri huja na waya nne kwa sababu hii hii: mbili za kubeba mkondo na mbili za kusomea volti. Usiunganishe volti 24 kwa hamu ya kupata ishara kubwa, kwa sababu ukizidisha volti mara mbili nguvu inazidi mara nne, na stairofomu huanza kulegea inapokaribia nyuzi 100.

Usomaji wenyewe uchukue katika hatua tatu: hita ikiwa imezimwa, ikiwa imewashwa na kutulia, kisha ikiwa imezimwa tena. Toa wastani wa usomaji wa kwanza na wa mwisho kutoka kwenye ule wa katikati, kwa sababu hata bila hita kuna joto fulani linalopita, jua likipiga dirishani au kiyoyozi kikiwaka, na hutaki kulihesabu kama la hita. Kisha rudia kwa volti 6 na kwa volti 3, utapata wati 144 na 36 kwa mita ya mraba. Hizo ndizo ngazi zinazokaribia hali halisi ya ukuta wa nyumba, na ndizo zinazofichua multimita dhaifu: kwenye wati 36 kihisi chetu kinatoa takriban mikrovolti 468, na mita inayoruka kwa hatua za milivolti 0.1 haiwezi kukuambia chochote cha maana hapo.

Watu wengi wakiona uwiano uleule katika ngazi zote tatu huridhika kwamba mpangilio wao ni sahihi. Hapana. Joto linalotoroka nyuma nalo huongezeka kwa uwiano uleule na mtiririko, kwa hiyo mpangilio unaovuja asilimia 8 utavuja asilimia 8 katika kila ngazi na kukupa mstari ulionyooka kabisa. Njia ya kuukamata uvujaji ni kubadilisha njia ya joto. Ongeza stairofomu iwe mara mbili. Ikiwa usomaji wa kihisi unapanda, basi kulikuwa na joto lililokuwa likikwepa.

Ukiwa na vihisi viwili unaweza kufanya vizuri zaidi, na hii ndiyo njia niipendayo kuliko zote. Weka hita katikati, kihisi kimoja kila upande, alumini chini na stairofomu juu. Mtiririko wa upande wa kwanza ukijumlishwa na wa upande wa pili ni lazima uwe sawa na nguvu ya hita kwa eneo, kwa sababu ukiacha kiasi kidogo cha pembeni joto halina pengine pa kwenda. Kisha geuza mkate huo wa hita na vihisi vyake viwili juu chini, ukiacha alumini na stairofomu mahali pake, ili kihisi kilichokuwa upande wa stairofomu sasa kiwe upande wa alumini, upime tena. Umepata milinganyo miwili yenye visivyojulikana viwili, na unyeti wa kila kihisi unapatikana bila ya kukisia kiasi kilichovuja nyuma, maana chenyewe nacho kimepimwa.

Udongoni mambo ni tofauti. Bamba la kihisi lililozikwa lina upitishaji joto wake, na udongo una wake, ambao hubadilika mara kadhaa kutoka kiangazi hadi masika. Udongo mkavu hupitisha joto vibaya kuliko bamba, kwa hiyo joto hukusanyika kwenye bamba. Udongo uliolowa hupitisha vizuri, na joto hulizunguka. Kampuni ya Hukseflux ya Delft, Uholanzi, hutengeneza mabamba yenye hita nyembamba iliyobandikwa usoni kwa ajili ya hali hii. Hita ikiwashwa kwa dakika tatu hivi, katika hali kamilifu nusu ya joto hupanda na nusu hushuka kupitia kihisi. Usomaji ukipungua au kuzidi nusu, tofauti hiyo ndiyo kiasi cha kusahihisha. Anayefanya hivi shambani akumbuke kuziondoa kwenye takwimu zake dakika za kuwasha na zile zinazofuata hadi udongo upoe, kwa sababu joto hilo si la jua.

Kuhusu kiasi cha kuamini matokeo, kwa vifaa vya kawaida na uangalifu nilioueleza mimi hulenga kukubaliana na cheti cha kihisi, yaani hati inayotaja unyeti wake, ndani ya asilimia 5. Tulipata wakati fulani kihisi kilichosoma asilimia 12 chini ya cheti chake katika kila mpangilio, hata baada ya kukigeuza na kubadilisha gundi, na tulipokikunja kidogo mwangani ikaonekana povu refu kati ya tabaka zake. Kihisi cha namna hiyo usikipe unyeti mpya ukaendelea nacho, kwa kuwa povu litakua, kitoe kazini. Lakini kihisi kilichopotoka kwa asilimia 3 na kurudia namba ileile kila mara ni kizima, na kinastahili kutumika kwa namba ya cheti.

Fanya kipimo hiki kabla ya kukibandika kihisi mahali pa kazi na mara tu unapokibandua, kwa hita ileile na alumini ileile. Andika kwenye utepe uliozungushiwa waya wake tarehe, volti, ampea na milivolti ulizosoma badala ya unyeti peke yake, ili atakayekitumia baada yako aweze kuirudia hesabu mwenyewe.