Chuo au lebo: jibu kwa kijana wa Mbagala

Mdogo wangu, kwa jinsi nilivyokuelewa, umemaliza kidato cha sita, umepata nafasi ya kusoma uchumi Dodoma na maombi ya mkopo umeshatuma, lakini studio moja ya Sinza imekupa mkataba wa miaka mitano na inataka usaini kabla chuo hakijafunguliwa. Mama yako amekataa kusikia habari za muziki. Waliokujibu kabla yangu wamegawanyika: wapo wanaokwambia ufuate kipaji, na wapo wanaokwambia ufuate cheti. Mimi nimepiga gitaa la besi katika bendi za dansi za hapa mjini tangu nikiwa mwanafunzi wa uhasibu, na hadi leo napiga mwishoni mwa wiki huku nikiwa nimeajiriwa. Kwa hayo niliyoyaona, faida kubwa ya shule kwa msanii anayeanza ni kwamba inampa uwezo wa kukataa mkataba mbaya.

Nilipokuwa mwaka wa pili, studio moja ilinipa mimi na mwimbaji mwenzangu mkataba unaofanana sana na huo wako. Uliandikwa kwa Kiingereza cha kisheria ambacho sisi wawili tulikipitia juujuu tu, tukaridhika kwa sababu majina yetu yalikuwa yameandikwa kwa herufi kubwa. Niliupeleka kwa mhadhiri wetu wa sheria za biashara, naye baada ya kipindi akanionyesha mambo matatu: masta za nyimbo zote, yaani rekodi zenyewe za asili, zingebaki mali ya studio hata mkataba ukiisha, gharama za kurekodi, video na promo zingekatwa kwanza kwenye mapato kabla sisi hatujapata mgawo wowote, na studio ilikuwa na haki ya kuongeza muda bila ridhaa yetu. Sikusaini. Usidhani ulikuwa ujasiri, kwani nilikuwa na bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo wa chuo, nilikuwa na kitanda bwenini, na bendi ilikuwa ikinipa posho kila baada ya shoo, kwa hiyo hakukuwa na njaa ya kunisukuma. Mwenzangu alikuwa anadaiwa kodi ya chumba Mwananyamala na studio ikaahidi kumlipia, naye akasaini. Nyimbo zake bado zinapigwa kwenye daladala, lakini chaneli ya YouTube zilimowekwa si yake, na alipotaka kuondoka alidaiwa gharama ambazo hakuwahi kuonyeshwa hesabu zake. Kwa kipaji alinizidi mbali sana.

Wala usifikiri mambo haya huwapata wasiojulikana peke yao. Mwimbaji Harmonize alipotoka WCB, lebo (kampuni ya kurekodi na kusimamia wasanii) ya Diamond, mwaka 2019 alieleza hadharani kwamba kuondoka kwake kulimlazimu kulipa mamia ya milioni za shilingi. Yeye alikuwa na mali za kuuza na jina la kumtafutia nyingine. Wewe leo una nini cha kuuza ukitaka kutoka?

Mama yako naye usimwone mshamba. Zamani muziki wa mji huu ulikuwa ajira kamili. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na mwaka 1978 ikaja Mlimani Park, ambayo baadaye ilichukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam (DDC). Mwanamuziki wa bendi hizo alikuwa mwajiriwa anayesubiri mshahara mwisho wa mwezi, na vyombo vilikuwa mali ya shirika. Msanii wa Bongo Fleva amejiajiri, na kalenda yake ina mashimo ambayo mashabiki hawayaoni. Mwezi wa Ramadhani kumbi nyingi hunyamaza hadi Iddi. Januari wazazi wanalipa ada na hakuna anayetoka kwenda kusikiliza muziki. Machi 2020 mikusanyiko ilipozuiwa, wenzangu wa bendi waliokuwa wakitegemea shoo peke yake waliuza vyombo. Mmoja alininunulisha ampu yake kwa bei ambayo hadi leo naionea aibu.

Utaambiwa kwamba siku hizi kuna intaneti na hakuna haja ya kutegemea shoo. Ni kweli kwa kiasi. Kwa video za kawaida, YouTube inataka wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 ndipo ianze kukugawia fedha za matangazo, na Spotify tangu mwaka 2024 hailipi wimbo ambao haujasikilizwa angalau mara 1,000 kwa mwaka. Kuvuka viwango hivyo si muujiza. Tatizo ni kwamba ukishavivuka, unachopata mwanzoni hakitoshi kulipia hata video moja ya kueleweka, na hapo ndipo lebo inapopata nguvu ya kukuwekea masharti.

Mfano wa Diamond wa Tandale utauleta wewe au atauleta mwingine, kwa hiyo niumalize. Alifika bila chuo kikuu, na kazi aliyoifanya hakuna wa kuibeza, ila ukihesabu kwa kuanzia na aliyefika hutawaona waliobaki njiani, na Tandale pekee wapo wengi. Upande wa pili watu humtaja Nikki wa Pili, aliyesoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huku akirap na mwaka 2021 akateuliwa kuwa Mkuu wa Wilaya ya Kisarawe, au Mwana FA, rapa mwingine msomi, ambaye mwaka 2020 alichaguliwa kuwa mbunge wa Muheza. Nawaheshimu wote wawili, lakini mifano yao inaonyesha tu kwamba vitu hivyo viwili vinaweza kukaa kwa mtu mmoja. Kwamba ni rahisi, hapana. Bendi yetu ilimaliza kupiga saa nane usiku, narudi kwa bodaboda kwa sababu daladala hakuna, na saa mbili asubuhi nipo kwenye kipindi. Wiki za mitihani niliacha kupiga kabisa, na kiongozi wa bendi alinikata posho bila huruma.

Kwako wewe Dodoma ina ugumu wake, ingawa tangu mwaka 2024 treni ya umeme inakufikisha Dar kwa saa chache, kwa hiyo shoo ya Jumamosi inawezekana ukiwa na nidhamu ya nauli. Kama mkopo utakosekana na nyumbani hakuna ada, hesabu inabadilika, na hapo ningekushauri uangalie TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, au chuo cha muziki cha nchi za majahazi (Dhow Countries Music Academy) kule Zanzibar, ambako watu hufundishwa kusoma nota, kupiga ala na kupanga muziki. Wengi huvidharau vyuo hivyo kana kwamba ni vya waliofeli, lakini wapiga vyombo wanaopata kazi za hoteli na za watalii mara nyingi wametokea huko.

Nafasi ya chuo usiipoteze kwa kutokwenda tu. Ripoti, jisajili, na ikibidi uombe kuahirisha mwaka kwa barua na kibali, kwa sababu utaratibu huo upo. Kisha rudi Sinza uwaambie wakupe mkataba wa wimbo mmoja badala ya miaka mitano, ulioandikwa kwa Kiswahili, unaotaja nani anamiliki masta, nani anashika nywila ya chaneli, gharama zitakatwa hadi kiasi gani, na mtatokaje mmoja wenu akishindwa. Usome pamoja na mama yako, sentensi kwa sentensi. Atauliza maswali ambayo wewe kwa furaha yako hutayauliza. Wakikwambia ni miaka mitano au hakuna kitu, umeshapata jibu kuhusu wao. Wakikubali, kausajili wimbo COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kwa jina lako lililo kwenye cheti cha kuzaliwa, pamoja na hilo la kisanii, kabla hujawapelekea faili la mwisho.