Jembe la mgeni lina saa zake

Swali lenu la wiki limeanza na methali, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe", kisha mkatuuliza wasomaji: umewahi kuwa mgeni aliyepewa jembe, na ulitendewaje? Mimi nimepewa mara mbili, katika nchi moja, Australia, mwaka 2023, nikiwa na mume wangu. Jembe la kwanza nililiacha siku ya kumi na moja. La pili nililirudisha nikilia.

Mimi ni Msambaa wa Lushoto. Nilikwenda Kanada kusoma nikabaki huko, na pasipoti niliyo nayo leo ni ya Kanada. Mume wangu ni mzaliwa wa Saskatchewan, mtoto wa wakulima wa ngano. Habari ya pasipoti naitanguliza kwa sababu ndiyo iliyotufungulia mlango. Australia inatoa viza ya matembezi na kazi kwa vijana wa nchi ilizopatana nazo. Mkanada wa miaka 18 hadi 35 anaweza kuiomba, akakaa mwaka mzima akizunguka na kuajiriwa. Katika orodha ya nchi hizo hakuna hata moja ya Afrika. Wapo ndugu zangu Lushoto wanaojua kilimo na mifugo kuliko mimi, na mlango huo kwao umefungwa. Linaniuma, na nisingependa msomaji aisome habari yangu akadhani ni njia iliyo wazi kwa kila mtu.

Mtindo wenyewe wa kufanyia kazi kitanda na mlo una historia yake. Mwaka 1971 huko Uingereza, Sue Coppard, katibu muhtasi wa London aliyekuwa na hamu ya kutoka mjini, alianzisha utaratibu wa watu kwenda mashambani mwisho wa juma, wafanye kazi, walale, wale, warudi. Ukaenea nchi nyingi, na Australia ulifika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kawaida yake ni saa nne hadi sita za kazi kwa siku, na mwenyeji anatoa malazi na chakula. Mtu wa Usambara anauelewa upesi, maana sisi tumekulia kwenye msaragambo. Barabara ikibomoka, mfereji ukiziba, kila nyumba inatoa mtu. Halipwi yeyote, lakini ukiinua kichwa unamwona jirani yako naye ameinama, na mwenyekiti wa kitongoji naye ameinama.

Shamba la kwanza lilikuwa la mboga, katika jimbo la Victoria. Tulikubaliana saa tano kwa siku. Siku ya pili zikawa saba, siku ya nne zikawa tisa. Tulikuwa tunang'oa vitunguu na kuvifunga mafungu, jua la Februari likituchoma shingoni. Wenyewe walikuja asubuhi kutuonyesha mistari na jioni kuhesabu makreti. Chakula chao kilikuwa ndani ya nyumba. Chetu kilikuwa tambi za pakiti, tukajipikie kwenye karavani, kijumba cha kukokotwa na gari, tuliyolazwa nyuma ya ghala. Tulipouliza habari ya saa, jibu la mwenye shamba lilikuwa moja: msiwe na wasiwasi, nitawasainia siku zenu 88.

Siku 88 ndizo chambo. Mkanada mwenye viza hii akitaka mwaka wa pili, lazima awe amefanya siku 88 za kazi maalumu huko nje ya miji mikubwa, na kazi za shambani zimo. Sisi tulitamani mwaka wa pili, kwa hiyo tulivumilia. Hadi usiku mmoja mume wangu akasoma masharti yenyewe kwenye simu, taa ya karavani imezimwa, mwanga wa kioo umempiga usoni. Akanisomea mara mbili. Tangu tarehe 1 Desemba 2015, kazi ya kujitolea isiyo na mshahara haihesabiwi katika siku hizo. Yule bwana alikuwa anatulipa kwa kitu ambacho hakuwa nacho.

Kesho yake nilimpigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko? Mnakula?"

"Tunakula, mama."

"Na wenyewe wanalima na nyinyi?"

Nikanyamaza. Mama akanielewa kabla sijasema kitu. "Basi ondokeni," alisema. "Mkwe wangu mwambie nimesema hivyo."

Tuliondoka. Wasomaji wanaojiandaa kwa safari ya namna hii nawasihi muandike saa zenu kila siku, tangu siku ya kwanza, kwenye daftari lenu wenyewe. Mtu akikwambia kazi ya bure itakupa viza, usingoje siku ya pili.

Kufika Juni tukawa nyanda za juu za New England, upande wa kaskazini wa jimbo la New South Wales, kwenye shamba la kondoo aina ya Merino karibu na mji mdogo wa Walcha. Ni zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na Juni ndiyo kipupwe chao. Asubuhi sakitu inafunika majani hadi shamba linang'aa jeupe. Mume wangu, aliyezoea baridi ya nyuzi thelathini chini ya sifuri, hajawahi kutetemeka kama alivyotetemeka mle ndani. Nyumba za kwao Saskatchewan zimefungwa sawasawa na zina joto kila chumba. Nyumba ile ya mbao ilikuwa na jiko moja la kuni, na ukitoka jikoni umeingia baridini. Mimi nilikumbuka nyumbani.

Wenyeji wetu walikuwa wazee, bwana wa miaka 71 na mkewe. Walitutaka tuwaite kwa majina yao, kama desturi yao ilivyo. Mdomo wangu ukakataa. Niliwaeleza kwamba kwetu mtu wa umri wao haitwi jina tupu, nikawaita Mzee na Mama. Walipenda, na hadi tunaondoka hayakubadilika.

Siku ya kwanza Mama alibandika karatasi ubavuni mwa friji, majina yetu juu, na nafasi ya kuandika saa. Kando yake lilining'inia daftari la mvua. Wakulima wengi wa kule wana kipimo cha mvua uani, na kila asubuhi wanaandika milimita. Daftari lile lilikuwa la miaka mingi, kurasa zimegeuka rangi ya chai. Mama alinifungulia mwaka 2019, mwaka uliokuwa mkavu kuliko yote katika kumbukumbu za hali ya hewa za Australia. Sifuri, sifuri, sifuri, ukurasa mzima, zimeandikwa kwa mkono uleule uliotulia. Mwaka huo mji wa Guyra, kaskazini kwao, ulikuwa unaletewa maji kwa malori. Wao waliuza nusu ya kondoo majike, waliobaki wakalishwa kwa mkono, na maji ya kuogea yakamwagiwa mlimau uliopo mlangoni. Mlimau bado upo. Nilikuwa naukwanyua majani kwa chai.

Kazi zetu zilikuwa za kawaida: kuku, kuni, bustani, kusugua ukoga kwenye mahori ya maji, kukaza uzio. Saa tano. Mzee alimfundisha mume wangu kuunga waya kwa fundo la umbo la nane. Yeye akishika ncha moja, mume wangu ncha nyingine, na mbwa wa kondoo, kelpie mwekundu, amelala kati yao kama msimamizi. Saa tano zikitimia Mzee alikuwa anavua glavu zake kwanza, kisha anasema imetosha. Siku tuliyozidisha nusu saa kwa sababu ya uzio uliovunjwa na tawi, kesho yake tulianza nusu saa baadaye. Hatukuomba.

Agosti wakaja wanyoaji, na hapa nataka nikae kidogo.

Usiku wa kuamkia siku hiyo Mzee alituita mezani, akasema kazi ya bandani si ya kubadilishana na kitanda. Ni ajira, ina mshahara wake kisheria, na anayetaka kuingia ataandikwa kama mwajiriwa. Asiyetaka aendelee na kuku. Tuliingia wote wawili. Malipo yalikuja benki na hati yake, yamekatwa kodi ya asilimia 15 tangu dola ya kwanza, kama sheria inavyowataka watu wa viza yetu.

Banda la kunyolea linakwenda kwa kengele. Saa moja na nusu asubuhi mashine zinawashwa, saa tatu na nusu kengele, mapumziko ya nusu saa ambayo wao huyaita smoko, saa nne hadi saa sita, chakula, saa saba hadi saa tisa, smoko tena, kisha awamu ya mwisho hadi saa kumi na moja na nusu. Awamu nne za saa mbili mbili. Wanyoaji walikuwa watatu, wawili wao Wamaori kutoka New Zealand. Kondoo anatolewa zizini, anakalishwa kitako kama mtoto anayeogeshwa, mgongo wake kwenye magoti ya mnyoaji. Inaanza sufu ya tumbo, ambayo inatupwa kando, halafu miguu, shingo, halafu pitio refu la mgongoni. Dakika tatu hivi na kondoo anasimama mweupe, mwembamba, anashangaa. Sufu yake imebaki sakafuni nzima, haijakatika, kama koti lililovuliwa.

Hapo ndipo zamu yangu. Unainama, unazishika sehemu za miguu ya nyuma, unakusanya zote kifuani, kilo nne au tano zenye joto la mwili wa mnyama, unakimbia hadi kwenye meza ya fito, na unairusha. Ukiirusha vizuri inafunguka hewani na kutua imetandaa kama shuka. Siku ya kwanza zangu zilitua zimejiviringa, wenzangu wakazitandua kimya kimya, hakuna aliyenifokea. Mama alikuja kusimama nyuma yangu, akanishika viwiko, akanionyesha kwamba nguvu haitoki mikononi, inatoka kwenye nyonga. Siku ya tatu moja ikatandaa yote, pembe hadi pembe. Mnyoaji mmoja akainua kichwa na kupiga mluzi.

Kuzunguka meza tunanyofoa kingo zenye jasho na uchafu. Kisha mpanga madaraja anachomoa kishungi kimoja, anakivuta sikioni na kukipiga kwa kidole. Anasikiliza. Sufu imara inalia. Iliyodhoofika, kwa sababu kondoo aliugua au alikosa majani, inakatika. Mle ndani ya unywele mmoja ukame unasikika. Baadaye inashindiliwa kwenye marobota, na robota halitakiwi kuzidi kilo 204. Jioni viganja vyangu vilikuwa laini kuliko nilipoolewa, kwa mafuta ya sufu.

Wakati wa smoko sote tulikaa juu ya marobota, wanyoaji, Mzee, Mama na keki yake, sisi. Nilimuuliza Mzee kama anajua Merino wa kwanza wa Australia waliletwa mwaka 1797 kutoka Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika. Alikuwa anajua. Akasema, kwa hiyo wewe ndiwe mwenye mifugo, sisi tunakutunzia.

Siku nne, kondoo 1,800 hivi. Usiku wa mwisho nilimpigia mama kwa video, sote tuko jikoni tumezunguka jiko la kuni. Mama yangu aliangalia, akaona mikono ya Mzee juu ya meza, ina makovu ya waya na kucha nyeusi. Hakuniuliza lile swali. Yeye ana miaka 63. Alijiweka sawa kanga begani, akasogea kwenye simu na kusema kwa sauti, "Shikamoo baba."

Mzee akanitazama, anauliza ajibuje. Nikamwambia. Akaweka kikombe chini kwanza, halafu akasema taratibu, silabi moja moja, "Ma-ra-ha-ba." Wiki mbili zilizobaki, kila asubuhi nilipoingia jikoni kwenye karatasi ya saa na daftari la mvua, alikuwa ananingojea nimwamkie.