Tezi dume imetolewa, chumbani itakuwaje? Jibu langu kwa ndugu aliyeuliza

Umeandika kwamba ulifanyiwa upasuaji wa saratani ya tezi dume miezi mitano iliyopita, PSA (kile kipimo cha damu cha tezi dume) imeshuka vizuri, mkojo umeanza kushikika, lakini uume hausimami hata kidogo na mkeo hasemi kitu. Na kuna jamaa amekupa namba ya muuza dawa wa Kongowea. Nami nimepita njia hiyo hiyo, hapa hapa Mombasa, nikiwa nimeshavuka sitini. Nitakujibu bila kufichaficha. Wenye haya waruke.

Dawa ya Kongowea usinunue. Sidharau miti shamba, ila hizo unga na vidonge vya "nguvu za kiume" vinavyoitwa vya asili, vikipimwa maabara, mara nyingi hukutwa vimetiwa sildenafil (Viagra) ile ile ya famasi, na hakuna ajuaye ni kiasi gani. Ukiwa na ugonjwa wa moyo na unatumia dawa za naitreti, kama ile inayowekwa chini ya ulimi kifua kikibana, ukichanganya na hiyo, presha inaweza kuanguka ghafla ukafa. Supu ya pweza kunywa utakavyo, ni tamu. Mshipa wa fahamu haiuungi.

Na tatizo lako liko kwenye mishipa hiyo ya fahamu. Ile inayouamuru uume usimame hupita ubavuni mwa tezi dume, kulia na kushoto, imegandana nayo kabisa. Daktari mpasuaji hujaribu kuiacha kama saratani haijaifikia. Hata ikiachwa huwa imevutwavutwa, basi hulala, na kuamka kwake ni kwa taratibu: madaktari huhesabu mwaka mmoja na nusu hadi miwili, wengine zaidi. Miezi mitano ni mapema mno kujihukumu. Ukienda kliniki uliza hivi: mishipa iliachwa pande zote mbili, upande mmoja, au haikuachwa? Mimi niliambiwa upande mmoja. Ilinisaidia kujua nitegemee nini, maana kungoja usichokijua ndiko kunakochosha.

Lakini kungoja si kukaa tu. Uume usiosimama muda mrefu haupati damu ya kutosha, nyama zake hukakamaa na huweza kufupika. Ndiyo maana madaktari wengi wanataka mtu aanze mapema, kwa vidonge, kwa pampu, au kwa vyote.

Vidonge kwanza. Sildenafil humezwa kama saa nzima kabla, tumbo likiwa jepesi. Hapa ndipo sisi watu wa Pwani tunapofeli: mtu amekula biriani ya Ijumaa, akashushia viazi vya karai, kisha anameza kidonge. Mafuta yanaichelewesha dawa, naye kesho anatangaza barazani kwamba ni bandia. Ramadhani ndiyo usiseme, ukitoka tarawehe bado futari iko kooni. Mimi daktari alinihamishia tadalafil, kidonge kingine cha kazi hiyo hiyo, ambayo haijali chakula na nguvu yake huweza kukaa hadi saa 36, kwa hiyo hamkimbizwi na saa. Jua pia kwamba vidonge havileti hamu; pasipo kushikana na kuchezeana havifanyi lolote. Na miezi ya mwanzo huenda visifanye kazi kabisa, kwa kuwa vinategemea mishipa iliyo hai. Vikikataa leo, vijaribu tena baada ya miezi. Aandike daktari, na umtajie dawa zako zote, hata zile za presha na tamsulosin (ile ya kulegeza njia ya mkojo) kama bado unaitumia.

Pampu ndiyo iliyotufaa mwanzoni, kwani yenyewe haihitaji mishipa ya fahamu. Ni silinda ya plastiki. Unaingiza uume, unavuta hewa, damu inajaa, kisha unateremsha mpira wa kubana kwenye shina. Mke wangu alivaa miwani akaisoma karatasi ya maelekezo kwa sauti, kama anasoma risala ya harusi, akafika penye "nyoa nywele za shinani zisinaswe" akashindwa kuendelea kwa kicheko, nami nimesimama na jeli mkononi. Kicheko kile kilitusaidia kuliko kidonge. Nikupe na yasiyosemwa dukani: uume unakuwa wa baridi, rangi inabadilika, na unacheza pale shinani kwa sababu ni sehemu ya nje tu iliyosimama, basi ushike kwa mkono unapoingia. Mpira usizidi dakika 30. Kama unatumia dawa za kulainisha damu, muulize daktari kabla ya kuinunua.

Sasa shemeji. Unasema hasemi kitu. Muulize anaogopa nini. Wangu alikuwa na mawili moyoni: akinigusa kidonda kitafumuka, na saratani itampata kupitia kwangu. Saratani ya tezi dume haiambukizi kwa kujamiiana, lakini nani angemwambia? Kule kliniki waliongea na mimi peke yangu, yeye kaachwa nje kwenye benchi na mfuko wa kadi na eksirei. Mwende wote, na aingie ndani. Wakisema mgonjwa peke yake, wewe ndiye mgonjwa, waambie unamtaka.

Halafu kuna hili ambalo sisi wanaume hatulioni. Ukijua hakitasimama, unaanza kukwepa hata kumshika mkono, usije ukaanzisha safari usiyoweza kuimaliza. Yeye kafukiza udi, kavaa kikuba, wewe umegeukia ukutani. Habari za mishipa hazimjii akilini. Anachokiona ni kwamba hatakiwi tena. Sisi tulikubaliana kuwe na usiku ambao kuingiliana hakumo kabisa. Kukandana, singo, kubusiana, mikono, na mengine ambayo kila nyumba ina yake. Ule wasiwasi wa mtihani ukatoka chumbani. Ni kwenye usiku wa namna hiyo, sio ule wa vidonge, ndipo nilipoona dalili za kwanza za kuamka.

Na kilele unaweza kukifika bila uume kusimama. Njia zake ni nyingine. Ila kitakuwa kikavu. Shahawa hazitoki tena kwa kuwa tezi na vifuko vyake vimeondolewa, kwa hiyo mtoto kwa njia ya kawaida hapo basi. Wengine hutokwa na mkojo kidogo wakati huo: nenda msalani kabla, tandika taulo, mweleze mwenzio mapema asishtuke. Mazoezi ya kubana misuli ile ya kuzuia mkojo yanasaidia.

Uliuliza pia habari ya swala na matone. Mkojo usiozuilika una hukumu yake: wakati ukiingia unajisafisha, unabadilisha pedi, unatawadha kwa kila faradhi na kuswali bila kuchelewa. Josho, kuingiliana kwenyewe kunalazimisha hata kama hakukutoka kitu. Kwa kilele kikavu cha mikono nilimwendea imamu wetu, naye hakushangaa hata kidogo. Nenda kwa wako.

Kwa waliotibiwa kwa mionzi na wanasoma hapa: kwenu udhaifu huja polepole, hata miaka baadaye, msijidanganye kwamba mmepona na hili. Na walio kwenye sindano za homoni, hamu yenyewe ndiyo huondoka, kwani testosteroni, homoni ya kiume, imeshushwa makusudi, pamoja na lile joto la ghafla. Mwezi wa tatu hapa Mombasa huwezi kujua jasho ni la kaskazi au la sindano. Hapo mapenzi ya kukusudia yanafanya kazi kuliko kungoja hamu ije yenyewe.

Vidonge na pampu vikishindwa bado kuna sindano ya alprostadil, inayodungwa ubavuni mwa uume kabla ya tendo, na kuna vipandikizi vya upasuaji, ambavyo ni ghali. Sindano nimeitumia. Inatisha kuitazama kuliko kuichoma, na dozi ya kwanza lazima uonyeshwe kliniki. Uume ukisimama kwa saa 4 mfululizo bila kulegea, hata iwe usiku wa manane, kimbia kasualti. Na usiwafiche wauguzi umekuja kwa nini. Walishaona makubwa zaidi ya hayo.